Gaggenau: Gari Lililovushwa Afrika
Hotuba kwa mafundi magari wanaohitimu

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu wenzangu, wazazi na walezi, na ninyi wahitimu mliopendeza leo hadi wengine nimewatambua kwa sauti tu: itifaki imezingatiwa, asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa ujumla habari za asubuhi.

Barua niliyoletewa ilinitaka nizungumzie magari ya kesho. Nimeisoma, nikaikunja, nikaitia mfukoni. Magari ya kesho mtayasikia sana kutoka kwa wanaoyauza. Mimi nimekuja na gari la mwaka 1907. Kiwanda chake kilidumu kama miaka mitano tu kikiwa na jina lake, na gari lenyewe linatuhusu kuliko mnavyodhani, kwa sababu lilianza safari yake hapa hapa Dar es Salaam.

Linaitwa Gaggenau. Aliyewahi kulisikia anyooshe mkono. Naona mikono miwili, na mmoja nadhani anajikuna. Msione haya. Ukiwauliza Wajerumani wenyewe leo, wengi watakuambia Gaggenau ni oveni na friji za watu wenye pesa zao. Jina ni lile lile na mji ni ule ule. Gari limesahaulika, oveni zinauzwa.

Nianze na safari, maana ndiyo watu huipenda, kisha tuingie chini ya boneti ambako ndiko kwetu.

Tarehe 10 Agosti 1907, ofisa wa jeshi la kikoloni la Kijerumani aitwaye Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam na gari la silinda 4, nguvu farasi 35. Alitaka kufika pwani ya pili ya bara hili, ng'ambo kabisa, kwenye bahari ya Atlantiki. Alipita Kilosa, Mpwapwa, Tabora, akashuka hadi kusini mwa Ziwa Tanganyika, mahali Wajerumani walipopaita Bismarckburg na sisi tunapaita Kasanga, mkoani Rukwa. Akaingia nchi ambayo leo ni Zambia, akapita Livingstone na Bulawayo, akafika Johannesburg, akakata jangwa la Kalahari, na tarehe 1 Mei 1909 akaingia Swakopmund, Namibia ya leo. Kilomita zipatazo 9,500. Kabla yake hakuna aliyevuka Afrika kwa gari toka bahari hadi bahari.

Sasa hesabu. Toka 10 Agosti 1907 hadi 1 Mei 1909 ni siku 630. Gawanya 9,500 kwa 630. Inakuja kilomita 15 kwa siku.

Narudia kwa waliokuwa wanapiga picha: kilomita 15 kwa siku. Hiyo ndiyo ilikuwa kasi ya msafara wa wapagazi toka Bagamoyo kwenda Ujiji, mtu akitembea kwa miguu na mzigo kichwani. Najua si haki kabisa kupiga hesabu hivyo, kwa sababu ndani ya siku hizo 630 kuna miezi ambayo gari halikusogea hata hatua moja. Lakini mpagazi naye alikuwa na siku za mvua, siku za homa na siku za kusubiri mto upungue, na hakuna anayemwondolea hizo kwenye hesabu yake.

Mwaka ule nchi hii ilikuwaje? Vita vya Maji Maji vilikuwa ndiyo kwanza vinamalizika kusini, na njaa iliyoletwa na askari kuchoma mashamba ilikuwa bado inaua. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, na gari linaondoka Agosti 1907 reli ilikuwa haijafika hata Morogoro. Ilifika mwishoni mwa mwaka huo. Tabora ilifika 1912, Kigoma 1914. Kwa hiyo ukitoka nje ya mji kidogo ulikuwa kwenye njia ya msafara: njia ya miguu, iliyopanuliwa hapa na pale kwa nguvu za watu waliolazimishwa kufyeka. Mito mingi haikuwa na daraja la kubeba kitu kizito. Na wanyama wa kukokota, ng'ombe na punda na farasi, walikuwa wanakufa kwa ndorobo. Ndiyo maana biashara yote ya bara, pembe na nguo na shaba, ilitembea juu ya vichwa vya watu, Wanyamwezi wakiwa mbele ya wote kwa kazi hiyo.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Gari linakwenda kwa petroli. Mwaka 1907, ukiwa Mpwapwa, unajaza wapi? Hakuna pa kujaza. Petroli lazima iwe imefika kabla yako, na imefika kwa njia moja tu. Mafuta ya enzi zile yalisafirishwa kwa madebe, yale yale madebe yetu ya lita 18, mawili mawili ndani ya sanduku la mbao. Debe la petroli lina uzito wa kama kilo 14 au 15. Mawili, pamoja na sanduku, ni kilo 30 na ushee. Na mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kiasi gani? Kilo 30. Kana kwamba sanduku lilipimwa kwa shingo yake.

Haya, tupige hesabu ya kifundi. Hii ni kadirio langu mimi, msiende kuliandika kwenye mtihani. Toka Dar es Salaam hadi Broken Hill, ambayo leo ni Kabwe, reli ya kutoka kusini ilipokuwa imefikia tangu 1906, kuna zaidi ya kilomita 2,000 bila reli. Gari zito, silinda kubwa, mchanga, vichaka, gia ya kwanza muda mwingi: tuseme lita 50 kwa kilomita 100. Hiyo ni lita 1,000. Madebe 56, mizigo 28. Watu 28 kwa petroli peke yake, na wengine walilazimika kuitembeza mamia ya kilomita mpaka kituo kinachosubiriwa. Hapo hujaongeza oili, tairi, tyubu, nati, chakula, mahema, wala watu wa kusukuma na kuvuta kwa kamba pale gari lilipozama. Mpagazi ndiye aliyetangulia, gari likafuata nyuma yake likanywa alichobeba.

Katika picha za safari zile, utaona mzungu ameketi kwenye usukani na watu wengi wamesimama pembeni. Jina la mzungu limeandikwa chini ya picha. Ninyi ni mafundi, mkiitazama picha hiyo tazameni kamba. Tazameni nani ameishika.

Sasa tufungue boneti.

Gari lenyewe lilitengenezwa kwa makusudi ya safari. Sakafu yake iliinuliwa sentimita 35 kutoka ardhini. Land Cruiser jipya kutoka kiwandani halifiki 25. Hapo alikuwa na akili: alijua visiki na mawe yatakuwa mengi kuliko barabara. Nguvu farasi 35 kwa leo ni kidogo. Hiyo IST mnayoifanyia sevisi kila Jumamosi ina zaidi ya mara mbili ya hapo, na ni nyepesi. Lakini mwaka 1907 injini ya farasi 35 ilikuwa injini kubwa, ya mtu mwenye nazo.

Magari ya wakati ule, si hili tu, yalikuwa na mambo yatakayowashangaza. Kuwasha ni kwa hendeli, mbele, na ukikosea muda wa cheche hendeli inakurudi na kukuvunja mkono. Breki za magurudumu zilikuwa nyuma tu. Rimu za mbao, na mbao kwenye jua la Kalahari inakauka, spoki zinaanza kulia. Klachi ilikuwa koni iliyovishwa ngozi, ngozi ya ng'ombe kabisa. Ikikauka inashika kwa kishindo, ikilowa oili inateleza. Taa ni za gesi ya kabaidi. Na halafu kuna jambo ambalo wanafunzi wangu huwa hawaliamini: eya klina, kichujio cha hewa, haikuwapo. Karabureta ilivuta hewa moja kwa moja, na vumbi lake. Vumbi la Dodoma mnalijua wenyewe. Linaingia, linachanganyika na oili, linakuwa msasa kati ya ringi na silinda. Mtu anaendesha gari ambalo linajisaga lenyewe kila anapokanyaga mafuta.

Na silinda zenyewe zilikuwaje? Katika injini nyingi za miaka ile silinda zilimiminwa mbili mbili, kichwa na mwili kitu kimoja. Hakuna silinda hedi ya kufungua, hakuna gasketi ya kubadilisha. Ikipasuka moja, umepoteza pacha yake. Huwezi kuweka slivu, lile bomba la kuvisha ndani ya silinda, huwezi kuchonga ukubwa mwingine ukiwa porini. Unaagiza kipande kizima kutoka kiwandani.

Ndivyo ilivyomkuta. Safari ikiwa bado mbichi, injini iliharibika vibaya, na ikabidi spea zitoke Ujerumani. Fikiria njia ya hicho chuma: kimiminwe, kichongwe, kipande treni hadi bandarini, kisha meli hadi huku kwetu, kisha kichwa cha mpagazi hadi lilipolala gari. Ni suala la miezi. Na kikifika hakiingii tu.

Hapa mezani nimeleta konrodi ya injini ya zamani, ile fimbo inayounganisha pistoni na shafti. Ipitisheni mkono kwa mkono, taratibu, nzito hiyo. Mtaona huko kwenye duara lake la chini hakuna metali, yaani beringi, za kubandua kama mlizozizoea, zile za boksi zenye namba. Kuna tabaka jeupe la madini laini limemiminwa likiwa la moto. Fundi alipaka shafti wino wa bluu, akafunga konrodi, akazungusha, akafungua, akatazama bluu imegusa wapi. Palipogusa akakwangua kwa skrepa, kidogo, unyoya tu. Akafunga tena. Akafungua tena. Bluu ikiwa imesambaa duara zima, kazi imekwisha, na jua limezama. Mimi nilifundishwa na mzee mmoja ambaye alikuwa akifumba macho wakati wa kukwangua. Alisema macho yanamharakisha. Ukitazama kwa makini ukingoni mtaona mistari midogo inayokatana. Hiyo ni mikono ya mtu.

Sasa mtaelewa kwa nini kiwanda kilizimika.

Gaggenau ni mji mdogo kwenye bonde la mto Murg, katika Msitu Mweusi, kusini magharibi mwa Ujerumani. Kiwanda cha chuma kilikuwapo pale tangu 1683. Mwishoni mwa karne ya 19, chini ya mfanyabiashara Theodor Bergmann, walianza kuunda magari. La mwanzo waliliita Orient Express, baadaye wakatoa kigari kidogo cha bei nafuu kwa jina la Liliput. Mwaka 1905 sehemu ya magari ikasimama peke yake kwa jina la Süddeutsche Automobilfabrik, na hao ndio waliotoa gari la Graetz. Waliunda pia malori, mabasi na magari ya zimamoto. Mwaka 1907, mwaka ule ule wa safari, wakaingia mkataba wa ushirikiano na Benz ya Mannheim. Mwaka 1910 Benz ikawameza kabisa. Gari linafika Swakopmund kwa shangwe mwaka 1909, na mwaka uliofuata waliolitengeneza hawana tena kampuni yao.

Gari halikuwa bovu. Ukweli ni kwamba kampuni ilitangazwa na safari kubwa namna ile, na bado haikutosha. Kilichoua viwanda vya aina ile, na vilikuwa mamia Ulaya na Marekani, ni hicho mlichokishika mkononi. Kila injini ilishonwa kama suti ya fundi cherehani, kwa kipimo chake peke yake. Pistoni ya gari hili haiingii gari lile, hata kama yametoka siku moja. Bei inapanda, kazi inachelewa, na mteja aliye mbali akiharibikiwa hana msaada.

Mwaka 1908, Graetz akiwa bado njiani, mambo mawili yalitokea huko duniani. La kwanza, Uingereza, kwenye uwanja wa mbio wa Brooklands: Cadillac 3 zilifunguliwa hadi nati ya mwisho, vipande vikachanganywa chini, vingine vikatolewa na kuwekwa vipya kutoka stoo, halafu mafundi wakaunda magari matatu kutoka kwenye lundo hilo kwa spana na bisibisi tu, bila tupa. Yakawaka. Yakazunguka uwanja maili 500. La pili, mwezi Oktoba, Henry Ford akatoa Model T. Hadi anaacha kuitengeneza mwaka 1927 alikuwa ametoa zaidi ya milioni 15. Kwangu mimi, siku ile ya Brooklands ni kubwa kuliko kuvuka Afrika. Najua wapenda safari hapa wataguna. Waacheni wagune. Hakuna hata mmoja kati yenu atakayelipwa mshahara kwa sababu ya Graetz. Wote mtalipwa kwa sababu pistoni iliyotengenezwa huko ng'ambo inaingia kwenye gari lililoegeshwa Temeke.

Huko Gaggenau kwenyewe kazi haikusimama. Benz iliwapa kazi ya malori. Mwaka 1926 Benz na Daimler zikaungana, na kutoka 1951 hadi 2002 kiwanda kile ndicho kilichokuwa kikitoa Unimog, lile gari fupi linalopanda kila kitu, ambalo mafundi wa kijeshi wanalijua. Sakafu yake iko juu juu, vile vile. Sisemi walikumbuka gari la 1907. Nasema tu kwamba kampuni ilikufa na ufundi haukufa; ulibadilishiwa kibao getini.

Kuhusu Graetz, nimalizane naye. Mwaka 1911 alirudi kuvuka Afrika tena, safari hii kwa boti ya injini, akianzia pwani ya Msumbiji kwenda mdomo wa mto Kongo. Huko kaskazini ya Zambia ya leo nyati alimuua mpiga picha wake, Mfaransa Octave Fière. Graetz mwenyewe aliishi hadi 1968. Aliona baadhi ya nchi alizopita zikipata uhuru.

Mtaniuliza, na sisi je? Majirani zetu Kenya wana gari lao la aina hii, japo si la zamani sana. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari, karakana za reli zikashirikishwa, na mwaka 1990 Nyayo Pioneer likazinduliwa. Yalitengenezwa 5 ya majaribio, yakafika kasi ya kilomita 120 kwa saa. Pesa za kuanzisha uzalishaji hazikupatikana. Kuna watu huyataja kwa kicheko, na kicheko hicho hunikera. Kuunda magari 5 yanayotembea kilomita 120 kwa saa, kwa mafundi ambao hawakuwahi kuunda gari, si mchezo. Walifika pale pale walipofika Gaggenau: walijua kutengeneza gari, wakakwama kwenye kutengeneza elfu kumi yanayofanana. Hapa kwetu, kituo cha Nyumbu pale Kibaha kilianzishwa mwaka 1985 na kikatoa lori la Nyumbu. Mkipita Kibaha msipite tu. Ombeni kibali, mkaone.

Mshereheshaji ameanza kunionyesha saa, na ana haki, vyeti havijagawiwa na pilau inapoa. Hiyo konrodi naiomba irudi mezani, nimeihesabu. Baada ya chakula, karakana namba mbili itakuwa wazi. Kuna bloku ya zamani ya silinda pacha imepasuka upande wa koti la maji, ufa unauona kwa macho, na wazo langu la namna ya kuishona bila kuichomelea halijanikaa sawa. Mwenye wazo lake aje. Avue shati jeupe kwanza.